Mawe ya Kukandamizia Magazeti

Mimi si mtu wa kushtuka. Niliacha shule darasa la tatu, nikasukuma mkokoteni Ukunda, na leo nina kiwanja changu Bongwe, kibanda cha bajia na nyumba ya vyumba sita. Nani wa kunitisha? Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, baada ya sala ya alasiri. Ukikataa, njoo nikuonyeshe mahali.

Kusoma nilijifunzia kwenye karatasi za kufungia bajia. Mpaka leo hakuna kinachonistarehesha kama gazeti kuukuu: bei za sukari za zamani, mechi zilizokwisha, ahadi za barabara ambayo nikipita leo bado ina mashimo. Huyanunua kwa kilo. Mke wangu, Mwanakombo, hunisuta: "Wateja wangoja bajia, mwenzangu wasoma mpira wa watu waliokwisha kuwa mababu!"

Basi upepo wa kusi ukawa wanipeperushia kurasa. Nikaingia kichakani nyuma ya kiwanja, pale ambapo fundi alikuwa aje Jumamosi kunichimbia choo, nikang'oa mawe mawili ya matumbawe. Yalikuwa yamesimama, moja huku, moja kule. Nikayaweka juu ya rundo. Sikujiuliza kitu.

Siku ya pili yake akaja kibandani mzee nisiyemjua, kofia kichwani, kanzu imefifia, jicho la kushoto limefumba, akaketi kwenye benchi la wateja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Macho yangu hayaoni. Nisomee hilo la juu."

Nani asiyependa kuombwa asome? Nikakohoa, nikasoma bei ya korosho kwa sauti, wateja wasikie.

"Geuza."

Nikageuza. Tangazo la kifo, la miaka mingi nyuma. Mzee wa watu, amezikwa kwake Bongwe, ameacha mke na watoto wanne. Nilipofika kwenye majina ya watoto, mgeni wangu akawa ayataja kabla yangu. Moja moja. Nikaitazama picha. Kofia ile ile. Jicho la kushoto limefumba vile vile.

"Wasoma vizuri," akasema. "Sasa nirudishie mawe yangu, la kichwani na la miguuni. Watu wanipita juu, hawajui kama nipo."

Nikageuka kwa Mwanakombo. "Wamwona mzee huyu?"

"Mzee gani? Si wasoma peke yako tangu saa kumi!"

Benchi lilikuwa tupu.

Mwalimu wa madrasa alipoyaona yale mawe alisikitika. "Bwana wee, haya ni mashahidi ya kaburi. Nawe mtoto wa Pwani!" Niamini, aibu ile ilinichoma kuliko mafuta ya karai. Fundi wa choo nikamrudisha, asichimbe. Mawe tukayasimika upya, nikazungushia ukuta, hitima ikasomwa.

Mzee hakurudi. Lakini nikifungua gazeti kuukuu, kila jina nitakalolisoma, mtu hulitaja kwanza sikioni mwangu. Nimeacha. Starehe yangu yote ya kusoma imekwisha, na bajia sasa nafungia karatasi mpya za kaki.

Wewe ununuaye kiwanja huku kwetu, ukikuta jiwe limesimama, tafuta mwenzake kabla hujaligusa. Mimi sikutafuta. Mbuzi, mchele wa hitima, saruji na fundi wa ukuta: shilingi elfu thelathini na nane, mia nne na hamsini.