Nilivyomkalia Baba wa Mchumba

Naona aibu, lakini acha niseme. Baada ya kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo nilipungua sana, nikawadanganya majirani zangu wa Bombambili kwamba ni mazoezi. Vidonge vya vitamini nilivyopewa niliviacha, maana nilijiona mzima.

Jumamosi jioni familia ya mchumba wa binti yangu ilitoka Namtumbo kuleta posa, na majirani nao walikuwepo. Umeme ukakatika, tukawasha mshumaa. Wenzangu waliona vizuri, ila mimi niliona giza tupu. Nikapapasa kiti, nikaketi kwa madaha.

"Mama, hapa nimekaa mimi," baba wa mchumba akasema, kwa upole, chini yangu.

Niliruka huku nikilalamika kwamba siku hizi macho yangu hayaoni gizani. Binti wa mzee huyo, muuguzi, akanishika mkono, akapapasa ngozi yangu iliyolegea.

"Mama, uliwahi kupasuliwa ili upungue mwili?"

Majirani wote wakanigeukia. Nikajibu, "Ndiyo, mwanangu."

"Basi huenda umepungukiwa vitamini A. Jumatatu nitakupeleka hospitali wakupime. Ukiwahi kutibiwa, mara nyingi macho hurudi."

Nikaanza kulia. Mzee akakohoa kidogo. "Usilie, mama. Posa yetu iko palepale."