Barua za babu yangu mwandishi zimenywewa kama kombe, na ofisi ya kumbukumbu nayo ikanimaliza

Wakuu, salaam. Nalieleza hili kama lilivyonikuta, chumvi sijaweka. Bado nina hasira, mnivumilie.

Marehemu babu yangu wa Maparoni alikuwa mwandishi. Mashairi, michezo ya kuigiza, na barua nyingi za kugombana na wahariri. Kiswahili chake chote alikiandika kwa herufi za Kiarabu, maana ndizo alizofundishwa chuo cha Kurani utotoni.

Balaa lilianzia hapo.

Niliongea na ofisi moja ya kumbukumbu ya mkoa, wakasema leta, tutazihifadhi. Nikapanda boti kwenda kwa bibi kulichukua sanduku la maandishi ya babu.

Nafungua, nusu ya karatasi ni nyeupe. Zimekunjwa vizuri, hazina hata nukta.

Kumbe bibi, ambaye kusoma hajui, aliona herufi za Kiarabu akajua ni aya. Jirani akiugua anatoa karatasi, inalowekwa, wino ukitoka mgonjwa anakunywa. Kombe hilo. Kisha anaianika ikauke na kuirudisha sandukuni, eti mali ya mumewe haitupwi.

Nilichoka, wakuu. Nikachukua barua moja iliyopona nikamsomea. Babu anamfokea mhariri kwa kuzikata beti alizomtungia bibi huyuhuyu.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa mbona mtoto wa Mwajuma homa ilishuka, mjukuu wangu?"

Nikalifunga sanduku.

Nikabeba zilizobaki. Ofisini afisa, kijana wa bara, mpole tu, akafunua karatasi moja na kuifunika haraka. Hizi za dini, peleka msikitini. Nikamwambia ni Kiswahili hiki. Akataka barua ya shekhe kuthibitisha.

Nauli hiyo, nikarudi nyumbani Kibiti. Shekhe wetu alisoma akacheka mpaka akavua miwani. Akaandika kwamba humo hamna aya, ni ugomvi wa mzee na wahariri wake, akagonga muhuri.

Ofisini tena. Afisa akaisoma barua ya shekhe, akaitia kwenye faili, akalipokea sanduku. Nikashusha pumzi. Nafika mlangoni, akaniita kwa sauti ya chini.

"Kaka, naomba karatasi moja tu. Mama miguu inamsumbua sana."

Na muhuri wa shekhe ameuona! Nilinyanyua sanduku langu nikatoka nalo.

Sasa liko juu ya kabati langu, napiga picha kila karatasi kwa simu, taratibu, huku unyevu nao hauningojei.

Nilichojifunza: mwenye mzee anayeandika amsomee kila mtu nyumbani sasa hivi, wajue kilichomo. Kuhifadhi peke yake hakutoshi. Bibi yangu alihifadhi kuliko wote.

Anayejua ofisi yenye mtu wa kuzisoma herufi hizi aniambie hapa. Wa kuomba karatasi kwa ajili ya mgonjwa, nawaomba mnipishe.

Maana juzi bibi alipiga simu. Kombe hakulitaja. Aliuliza, "Zile beti zangu alizozikata huyo mhariri, umeziona? Nisomee."

Nimepekua sanduku lote, hazimo. Lazima zilikuwa kwenye zile nyeupe.

Nimemwambia bado natafuta. Sina ubavu wa kumwambia kwamba huenda ndizo zilizoshusha homa ya mtoto wa Mwajuma.