Mguu wa Kulia

Ilikuwa saa kumi na dakika saba alasiri, katika uwanja wa Junda, yule mgeni alipowekewa mpira akaupiga kwa mguu wa kulia.

Watu walishangilia. Mimi nilikuwa nimeshika kipaza sauti, na papo hapo nilijua kwamba siye nyota tuliyewatangazia watu. Mshambuliaji yule wa Brazili alipiga kwa kushoto miaka yote aliyocheza. Wa kulia ulikuwa wa kusimamia tu. Nilikuwa nimemfuatilia tangu ujana, kwanza katika magazeti ya kufungia vitumbua, kisha mtandaoni, hata nikajaza madaftari manne: klabu zake, mabao yake, goti lililomstaafisha. Kule Mtopanga kinyozi mmoja amemchora ukutani, na kila ubishi juu yake huletwa kwangu. Watu huniita mwalimu, ingawa shule sikuimaliza.

Ndiyo maana shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aliponiambia kwamba nyota huyo yuko hoteli moja ya pwani na amekubali kuja, aliniomba nimtambulishe. Tiketi shilingi mia mbili. Picha aliyonionyesha ilifanana: kipara, tumbo la ustaafu. Nikawahimiza majirani waje.

Sasa nilimvuta shemeji kando. "Huyu umemtoa wapi?"

"Ni Mbrazili, wallahi. Baharia wa meli ya mizigo."

"Wabrazili ni wengi, shemeji."

"Najua. Lakini usiniumbue. Baba yuko pale."

Baba mkwe alikuwa kiti cha mbele, kanzu imepigwa pasi. Tangu nimuoe bintiye sijawahi kuinua sauti mbele yake, wala kula naye sahani moja. Ningemwitaje mwanawe tapeli kwa kipaza sauti? Nyuma yangu ilikuwa kamba ya kuzungushia uwanja, mbele yangu watu wakiningoja.

"Haya, mwalimu," muuza mihogo wa mtaani kwetu aliita. "Ndiye ama siye? Mimi nimefunga biashara kwa neno lako."

Nikafungua daftari nikasoma. Nilieleza alivyoanza pekupeku mchangani, alivyovuka kwenda Ulaya, alivyoumia, alivyorudi, alivyoaga soka. Kila sentensi ilikuwa kweli. Sikusema ndiye, wala sikusema siye. Kila nilipotaja bao watu walimgeukia baharia, naye akapunga mkono.

"Mwalimu hakosei," alisema muuza mihogo, akaenda kupiga picha naye.

Wakati wa kutoka baba mkwe alinipa mkono. "Umeongea vizuri, mwanangu."

"Ahsante, baba."

Magharibi shemeji alileta vishina vya tiketi nyumbani kwangu nimsaidie kuhesabu. Nilivihesabu mara mbili, kama ilivyo desturi yangu. Vilikuwa mia nne na kumi na viwili. Majirani zangu walikuwa wamepoteza shilingi elfu themanini na mbili na mia nne.