Mkwe Nyuma ya Kichuguu

Tangu Jumapili hii, lilitangaza gari la vipaza sauti katika mitaa yote ya Likasi, mchezo wa golfu si mali ya wakubwa tena, ni mali ya umma. Raia wote, wanaume kwa wanawake, wanaalikwa kwenye duru ya mwisho ya ubingwa wa Katanga, nao watauona kwa macho yao wenyewe ushindi wa mwana wa nchi. Kamba za kuzuia watazamaji zimeondolewa. Hakuna atakayesimama nyuma ya mwingine, wala atakayefichwa kitu. Ndivyo alivyosema kiongozi wa Chama, na kwa kuwa wachezaji wawili waliobaki kileleni wote walikuwa wana wa nchi, alisema bila hofu ya kukosea.

Evariste aliyasikia hayo akiwa ananyoa ndevu uani, akajikata. Ile kamba ndiyo aliyokuwa ameitegemea.

Alikuwa mtu wa tanuri la shaba, mwenye sauti ambayo wenzake waliisikia hata mitambo ikinguruma, na kila mechi ya mpira wa miguu yeye ndiye aliyeongoza mashabiki kuimba. Golfu aliipenda kwa sababu ya Adrien, kaka ya mke wake, karani wa kampuni. Jumapili baada ya Jumapili alikwenda naye kufanya mazoezi, kazi yake ikiwa kutafuta mipira iliyopotea majanini. Adrien alikuwa akisema siku moja atacheza duru ya mwisho, na Evariste, aliyemwita shemeji yake kwa Kifaransa, akimjibu vilevile kila mara: “Ile siku, bofrere, minye nitakuwa pale. Nitaona mupira inaingia na haya macho yangu.” Sasa siku ilikuwa imefika, na Adrien naye alikuwa amemualika mama yake.

Mama Gertrude alikuwa mwanamke wa Kisanga, kabila la pale, wa mila za zamani, na Evariste, tangu alipomwoa binti yake Clémentine, hakuwahi kumtazama usoni. Mkwe hakutani na mama mkwe. Wakikutana, mkwe anatoa mbuzi wa faini, na ukoo mzima unapata cha kuongea hadi Krismasi. Basi mama alikwenda misa ya kwanza, mkwe misa ya pili. Padri aliwahi kuhubiri kwamba mtakatifu Petro alimkaribisha Bwana nyumbani kwake, na mama mkwe wake alikuwemo humohumo. Mama Gertrude alisikiliza kwa heshima, kisha akasema nje ya kanisa, “Petro hakuoa kwetu.”

Kwenye uwanja wa mpira mambo haya ni rahisi: mmoja anakaa jukwaa la huku, mwingine la kule. Golfu lakini haikai mahali pamoja. Watazamaji wanatembea na mpira, na mama wa mchezaji anatembea mbele ya wote. Kamba ingemweka mama upande mmoja na mkwe upande wa pili, lakini sasa kamba hakuna.

Kwa hiyo Evariste aliifuata duru ya mwisho ya ubingwa wa Katanga kutoka nyuma ya vichuguu. Vichuguu vya kwetu vinalingana na nyumba, na wajenzi wa ule uwanja walikuwa wameviacha vingi. Alikimbia ameinama kutoka hiki hadi kile, amevaa koti la harusi, na Clémentine akawa anampa ishara kwa mkono na kumwita kwa jina la mtoto wao.

“Baba Dominique, rudi nyuma! Mama anakuya!”

“Adrien iko wapi?”

“Iko mbele.”

“Sioni kitu hapa! Minye naona mchwa tu!”

“Angalia mchwa, basi. Na usipige kelele, beko wanapiga mupira.”

Jambo la kunyamaza lilikuwa limewatesa wote. Umati ulikuja na ngoma, na muamuzi, mzee Benoît, Mbelgiji aliyebaki baada ya uhuru, alilazimika kuwaeleza kuwa mpigaji huhitaji ukimya. “Kama kwa maiti?” aliuliza mtu. “Kama kwa maiti,” alijibu muamuzi, akajuta, maana wanawake wawili walianza kulia kwa adabu.

Walifika shimo la mwisho wakiwa sawa. Firmin, injinia kijana kutoka Lubumbashi, tayari alikuwa ameuweka mpira wake karibu na shimo kwa mapigo matatu. La nne lingeutia ndani. Adrien akapiga pigo lake la pili. Mpira ukaenda vizuri, upepo ukausukuma, ukapotelea nyuma ya kichuguu kikubwa pembeni. Mpira usipopatikana, ubingwa umekwenda.

Ulianguka miguuni pa Evariste, ukajificha kabisa ndani ya majani marefu. Aliuona yeye peke yake, yeye ambaye kazi yake ilikuwa hiyo. Kisha akasikia umati unakuja, na mbele ya umati sauti ya Mama Gertrude: “Banangu, tafuteni mupira ya mutoto wangu!”

Angeweza kukimbia. Nyuma kulikuwa wazi hadi barabara ya Mulungwishi. Lakini akikimbia, ule mpira nani atauona? Evariste akavua koti la harusi, akajifunika kichwa chote, akageukia kichuguu, na akanyoosha kidole nyuma yake kuelekea chini.

Mama Gertrude alitokeza, akapiga ukelele, akajitupia kitenge usoni.

“Muko yangu!” alilia, kwa kuwa alimjua mkwe wake hata chini ya koti.

“Pardon, mama,” lilisema koti. “Mupira iko hapa.”

Hakuna aliyejua la kufanya. Mbuzi alikuwa karibu kabisa. Clémentine ndiye aliyeokoa jamaa yake. “Kama hakuna mwenye ameona, hakuna kosa! Geukeni, bantu yote! Geukeni!”

Umati mzima uligeuka. Kila mwanamume pale alikuwa mkwe wa mtu, na kila mmoja aliielewa ile shida hadi kwenye mifupa. Wapiga ngoma waligeuka, wabeba mikoba ya fimbo waligeuka, na kiongozi wa Chama, ambaye mama mkwe wake mwenyewe alikuwa safu ya tatu, aligeuka kwanza.

Ukawa ukimya wa kweli, wa kwanza wa siku ile. Adrien hakuwahi kupata mwingine kama ule. Akapiga la tatu. Mpira ulipanda, ukatua, ukaanza kujiviringisha bila haraka.

“Imeingia?” liliuliza koti.

“Imeingia, bofrere.”

“Namna gani?”

Adrien alikuwa anacheka huku analia. Nyuma yao shangwe ililipuka hata kabla watu hawajageuka, na jioni ile gari la vipaza sauti lilipita tena, likitangaza kwamba umma wa Likasi umeshuhudia ushindi.

Walioona mpira ukiingia, ukimwacha Adrien mwenyewe, ni mzee Benoît, na Firmin wa Lubumbashi, ambaye alikuwa bado hajaoa.