Filomena Akataa Kung'oa Uzio

Nianze na kilichoniudhi. Pale stesheni ya lifti inayopandisha watelezaji wa theluji mlimani, kampuni imebandika bango: "Tunalinda mlima." Wanalinda! Desemba, jua linawaka, watu wamevaa fulana, na mizinga yao ya kutengenezea theluji inatema theluji ya bandia juu ya nyasi mbichi.

Jirani yangu Filomena, mjane mwenye ng'ombe saba na ulimi mkali, ndiye aliyewapasulia. Kwetu huku milimani Tiroli, ng'ombe wakishashuka kutoka malisho ya juu, kila mwenye konde la nyasi hung'oa uzio wake kabla ardhi haijaganda, ili watelezaji wapite. Hakuna mkataba. Ni hisani tu, tangu wazazi wetu walipokuwa wakiteleza kwenda kanisani. Kampuni ya lifti ikaikuta hisani hiyo, ikadhani ni haki yake.

Mwaka huu wakachimba bwawa la kulisha mizinga juu mlimani, wakaielekeza humo chemchemi inayojaza birika la kunyweshea ng'ombe wa Filomena. Mizinga ilipoanza kunguruma, birika likakauka. Ng'ombe wakawa wanalamba mawe. Bila maji ingebidi wauzwe, na Filomena hana kingine duniani. Basi akauacha uzio wake umesimama, katikati kabisa ya njia ya kutelezea.

Asubuhi ya mashindano ya kuteleza, Egon, meneja wa kampuni, kijana wetu wa hapa hapa, akatukusanya majirani ili tukamshawishi Filomena, na akikataa tuung'oe uzio wenyewe. Sote tunapangisha vyumba. Wageni wakikosekana tutakula nini? Nami nikabeba koleo langu, nikaenda.

"Shikamoo, shangazi," Egon akaanza, sauti tamu.

"Marahaba. Maji yangu yako wapi?"

"Shangazi, ni mabadiliko ya tabianchi. Yametukumba sote."

"Ala! Tabianchi ndiyo iliyoshika sururu ikachimba bwawa?"

Tukaangua kicheko. Egon akaiva uso. "Tutakuletea maji kwa lori, kila siku, kutoka bondeni."

"Yaani unachukua maji yangu kwa pampu, halafu unaniletea mengine kwa dizeli? Na hilo bango lako? Huna haya, mtoto wewe! Kweli shukrani ya punda ni mateke."

Akafungua zizi, akawatoa ng'ombe wote, akawaswaga kupanda mlima juu ya ule utepe mweupe wa njia ya kutelezea, wakiinyea theluji ya mashindano bila wasiwasi. Tukamfuata, Egon akipiga kelele. Walipofika bwawani wakainamisha vichwa wakanywa, wakanywa, mpaka mbavu zikatanuka.

"Watoe! Haya ni maji ya kampuni!" Egon akafoka.

Filomena akalia. Hata siku ya kumzika mumewe sikumwona akilia. "Ulrich," akaniambia, "ukitaka kuung'oa uzio wangu, kaung'oe. Kesho nawauza. Siwezi kuwasikia wakililia maji na mimi nimelala kitandani."

Njia ile ile inapita kwenye konde langu pia. Nikashuka bila kumuaga mtu, nikatoa ghalani vigingi na waya wa uzio wangu, nikaanza kuvipigilia. Egon akaja mbio, anahema.

"Mjomba, vipi tena? Na wageni wako?"

"Waambie waje na viatu vya kutembelea," nikamjibu. "Na wewe shika huu waya, uuvute sawasawa."