Dobi anayekimbia matone ya maji

Saa moja asubuhi, mtaa wa Cheyo, mjini Tabora. Apolinaria Masanja anapuliza majivu kwenye pasi ya mkaa, anaisogeza karibu na shavu kupima joto, kisha anaita: "Minza, nyunyiza."

Minza, mwenzake wa kazi, anachovya vidole kwenye bakuli na kulinyunyizia maji shati la shule. Apolinaria anarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni, mpaka matone yatue yote. Ndipo anasogea na kuanza kunyoosha.

Mpita njia angedhani ni madaha. Dobi gani huyu anayekimbia matone? Lakini mama huyu wa miaka arobaini na moja alifua nguo za watu kwa miaka kumi na mitano, na leo maji yakikaa kidogo tu kwenye ngozi yake, panaota vipele vyekundu vinavyowasha kama upupu. Hukaa karibu saa nzima, kisha hupotea.

"Huko kupotea ndiko kulikoniponza," anasema. "Nikifika zahanati ngozi iko safi. Wananiangalia, na mimi nawaangalia."

Yalianza miaka minne iliyopita. Alilaumu sabuni, akabadilisha aina tatu. Akakilaumu kisima cha mtaani. Kwa kuwa upande wa baba kwao ni Sikonge, aliamini mwili wake unadai maji ya nyumbani, akawa anamsumbua kaka yake, Luhende, amtumie madumu kwa basi.

"Nilioga maji ya Sikonge miezi miwili. Nikawashwa vilevile. Kondakta ananicheka hadi leo."

Mwaka jana alionwa na Octavian, daktari wa ngozi, ambaye hakuzisubiri alama zijitokeze zenyewe. Alimwekea kifuani kitambaa chenye maji ya joto la mwili kwa dakika ishirini. Alipokiondoa, vipele vilikuwa vimejaa.

"Watu wanaita aleji ya maji, lakini maji yenyewe huenda si mkosaji," anaeleza Octavian. Ndani ya ngozi, anasema, zipo seli za ulinzi zilizobeba kemikali iitwayo histamini. Zikiimwaga, ngozi huvimba na kuwasha. Swali ni nini kinachozichokoza.

"Dhana moja inasema maji yanayeyusha kitu kilicho juu ya ngozi, pengine kwenye mafuta yake, kikapenya ndani na mwili ukakiona adui. Nyingine inasema maji yanabadilisha kiasi cha chumvi kuzunguka vinyweleo. Wagonjwa ni wachache mno duniani, hakuna aliyethibitisha. Nilimwambia ukweli kwamba sijui."

Maji ya kunywa hayamsumbui Apolinaria. Jasho lake mwenyewe ndilo linalomwadhibu, kwa hiyo huacha pasi saa nne, kabla jua halijakolea. Glavu za mpira alijaribu, jasho likajaa ndani, ikawa balaa. Hata machozi humwachia michirizi mashavuni, na ameyalia mengi. Kufua amemwachia Minza, na mapato wanagawana nusu kwa nusu.

Hayo ya kazi ameyazoea. Kinachomnyima raha kiko Bukene.

Huko anaishi mama yake, Leonia, mwenye miaka sabini na minne, aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi miaka miwili iliyopita. Kwao mtoto wa kiume haoni utupu wa mama yake, hivyo Luhende hawezi kumwogesha. Ni kazi ya binti, na binti ni Apolinaria peke yake. Lakini anayeifanya ni jirani, Julieth. Binti akifika kwa treni huishia mlangoni, hashiki hata kata ya maji.

"Nguo za watu alizifua," Leonia alimwambia Julieth siku moja, binti akisikia. "Mwili wangu mimi ndio unamtia kinyaa."

Apolinaria anaiweka pasi chini. "Angenitukana ningevumilia. Lakini mama afe akijua namwonea kinyaa? Hilo siliwezi."

Mwezi uliopita alikwenda Bukene na vidonge alivyoandikiwa na daktari, pamoja na kopo la mafuta mazito ya kuzuia maji yasifikie ngozi. Alikuwa ameambiwa aanze na mkono mmoja, kwa muda mfupi. Kabla ya kumeza chochote, alimwomba mama yake, ambaye hakuwahi kuviona vipele hivyo, amtazame. Akaweka kitambaa kibichi mkononi, wakasubiri.

Leonia aliona vipele vikiota, kimoja baada ya kingine. Vilipotulia, na dawa ikiwa imemezwa, aliomba kopo. Kwa mkono wake mmoja mzima akampaka binti yake mafuta hadi kwenye kiwiko, mpaka katikati ya vidole.

"Nisamehe, mwanangu," akasema, kisha akausogeza mguu ambao haukupooza. "Osha huu. Ule mwingine hausikii mkono wa mtu."

Apolinaria aliosha mguu huo mmoja tu. Mkono uliwasha kidogo, lakini ulivumilika.

Jumamosi hii Apolinaria anapanda treni tena. Daktari amemruhusu aongeze dakika chache, na anatumaini siku moja atafika mgongoni, kabla Mungu hajamchukua mama yake. Juzi Julieth alimpigia simu akilalamika: mgonjwa anaogeshwa mwili mzima, ila mguu ule usiopooza anakataa usiguswe. Anasema una mwenyewe.