Mashine ya Kihonda

"Na diploma yako hiyo utaishia kuchomelea mageti," mjomba aliniambia niliporudi kutoka Omani. "Mashine zinatengenezwa na Wachina." Waliokuwepo wakacheka. Kule Omani nilianza kwa kufagia karakana, nikaondoka nikiwa fundi mkuu.

Kabla mwaka haujaisha nilikuwa na mashine ya kusaga mdalasini, niliyoichora na kuichomelea mwenyewe mtaani kwetu Kihonda. Gome linaloharibu mashine za mahindi, yangu ililigeuza unga laini kama poda. Morogoro nzima sijaona nyingine ya namna ile, na sioni aibu kulisema.

Wakulima waliagiza nane, zifike kabla ya msimu. Sikuwa na fedha za mota wala chuma cha pua. Serikali ilikuwa imetangaza mfuko wa kukopesha viwanda vidogo vya ndani. Nikapiga shati pasi, nikaenda na picha.

Ofisa akazitazama. "Mashine ya nchi gani hii?"

"Ya Kihonda, mkuu."

"Kihonda si nchi. Niletee proforma, ankara ya bei, ya mashine ya nje, mkopo unatoka wiki mbili. Hii ya kuchomelea nitaiandikaje?"

"Si mfuko wa viwanda vya ndani?"

"Kiwanda cha ndani, mashine ya nje. Na hati ya kiwanja, ya kuweka dhamana, unayo?"

Nilikusanya picha zangu nikatoka. Kodi yetu inakwenda kununua mashine za watu wengine, halafu tunaitwa kwenye semina tufundishwe kujitegemea.

Hati sikuwa nayo. Shamba letu la Kinole ni la ukoo wa mama, na kwetu Waluguru msimamizi ni mjomba. Nikapanda mlimani kuliomba liwe dhamana, nikakope kwingine.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Najua umefuata nini. Ardhi ya ukoo haiwekwi rehani, hata uwe na diploma kumi."

Mama mdogo alikuwa mkekani akikwangua magome ya mdalasini. Hakuinua kichwa. "Ardhi ya ukoo, kaka. Magunia yangu."

Mavuno ni ya aliyepalilia. Mama mdogo akatoa magunia mawili, na wanawake wengine watano wa ukoo wakatoa ya kwao. "Ukiyapoteza," akasema, "utakaa hapa ukwangue mpaka uzeeke."

Niliyauza, nikanunua mota na chuma. Mashine zote nane zilifika kabla ya msimu.

Mavuno yalipokwisha nilipanda na magunia ya kurudisha, niliyoyanunua kwa malipo ya mashine. Mjomba mwenyewe ndiye aliyesoma mizani, polepole, kama anayetafuta kosa. Hakulipata. Nikiwa nashusha gunia la mwisho, la mama mdogo, yule ofisa wa mfuko akapiga simu. Alikuwa na wageni waliotaka kupiga picha na "mashine yetu".

"Niko Kinole, nawalipa walionikopesha," nikamwambia. "Wewe humo." Nikakata.

Mama mdogo alifungua gunia, akavunja kipande cha gome, akanusa.

"Mdalasini wangu ulikuwa mwembamba zaidi," akasema. "Lakini tumemalizana."